Jua la Utosini

Kijana anayeanza kupiga picha za mandhari hapa kwetu hufundishwa na watu wanaoishi mbali na ikweta. Vitabu anavyosoma na video anazotazama usiku vimetoka kwenye nchi ambako jua haliharakishi kuzama. Anaambiwa atoke saa moja kabla ya machweo, mwanga wa dhahabu utamngoja. Anaambiwa mchana apumzike, kwa kuwa jua la juu huua picha. Anaambiwa anunue lenzi pana kwa sababu mandhari ni mapana. Ushauri huo si wa uongo. Umepimwa na watu makini kwenye milima ya Scotland, fukwe za Iceland na mabonde ya California. Ila haukupimwa Moshi wala Paje, na anayeubeba mzimamzima mpaka huku atabaki akijiuliza mbona picha zake hazilingani na jasho lake.

Sababu iko angani. Dunia hujizungusha kwa kasi ileile kwa watu wote, nyuzi 15 kwa saa, lakini pembe ambayo jua huushukia upeo inategemea umesimama wapi. Karibu na ikweta hushuka karibu wima. Likiwa nyuzi sita juu ya upeo, pale rangi inapoanza kuwa ya asali, limebakiza takriban dakika 24 lizame. London mwezi Juni safari hiyohiyo huchukua kama dakika 50, kwa kuwa jua la huko hushuka kwa mshazari. Reykjavik, katika majira hayo, giza haliingii kabisa: mpigapicha anaweza kula, akabishana na mwenzake kuhusu filta, akarudi akaikuta rangi bado ipo. Dar es Salaam ukisema ngoja nimalizie chai, umekosa. Na jua likishazama, nuru ya kusomea gazeti hudumu dakika 20 na ushee, kisha usiku.

Ndiyo maana suala la vifaa naliona kuwa suala la muda kabla halijawa suala la fedha. Mwenye begi la kamera mbili na lenzi tano hutumia nusu ya mwanga wake akifungua na kufunga zipu. Anapoamua ipi inafaa, wingu limeshapoteza wekundu. Mwenye kamera moja na lenzi mbili alizozizoea anajua, hata kabla hajashuka kwenye bodaboda, ni picha gani ataipata na ipi ataiacha ipite. Sisemi haya kuwafariji wasio na hela. Dakika 24 ni chache kwa kila mtu, hata kwa tajiri.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana katika fani hii, cha Mmarekani Ansel Adams na picha yake ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, mwaka 1941. Alikuwa barabarani jioni akirudi kutoka kazini, akaona misalaba ya makaburini iking'aa kwa jua la mwisho, na mwezi umeshapanda juu ya milima ya theluji. Akasimamisha gari, akaifunga kamera yake kubwa ya filamu ya inchi 8 kwa 10 kwenye stendi, akatafuta kipima mwanga asikione. Lakini ung'avu wa mwezi alikuwa anaujua kwa kichwa: kandela 250 kwa futi mraba. Akapiga hesabu kuanzia hapo, akafyatua. Alipokuwa akigeuza kishikio cha filamu ili apige ya pili, jua lilikuwa limeshaondoka kwenye misalaba. Ikabaki negativu moja tu, ambayo aliichapa tena na tena kwa miaka mingi iliyofuata.

Wengi hukipenda kisa hiki kwa ajili ya bahati. Mimi nakipendea ile hesabu. Alichokuwa nacho Adams jioni ile, na ambacho hakikuwa na uzito wowote begini, ni namba aliyoihifadhi kabla ya kuihitaji. Na New Mexico, usisahau, iko mbali kaskazini mwa ikweta. Mwanga wa huko ni mvivu kuliko wetu.

Basi wa kwetu ahifadhi nini? Kwanza, kwamba mwanga hupimwa kwa wingu linalong'aa kuliko yote, wala si kwa ardhi. Kiza cha bondeni kinaweza kuinuliwa baadaye kwenye kompyuta ikiwa umehifadhi faili ghafi, lile ambalo menyu ya kamera huliita RAW. Weupe ulioungua haurudi, hata umlipe fundi gani. Pili, mahali pa kuweka fokasi. Kwa lenzi ya milimita 24 kwenye kamera yenye sensa kubwa, ile ya milimita 36 kwa 24, ukifunga tundu mpaka f/11 na kuweka fokasi kwenye kitu kilicho kama mita mbili mbele yako, kila kitu kuanzia mita moja hivi mpaka mwisho wa macho kitatoka kikali. Jiwe lililo karibu na miguu yako na mlima wa ng'ambo vitakaa picha moja bila kugombana. Usivutwe kwenda f/22 ukidhani unaongeza ukali. Tundu likiwa dogo mno, mwanga hutawanyika unapopita ukingoni mwake na picha nzima hulainika. Nimeona watu walionunua lenzi ya mamilioni wakailainisha wenyewe kwa namna hiyo, kisha wakailaumu kamera.

Kifaa ninachokitetea kuliko vyote hakina kioo wala umeme ndani yake. Ni stendi. Katika dakika zile za mwisho kamera huhitaji robo sekunde, nusu sekunde, wakati mwingine sekunde nzima kukusanya mwanga, na hakuna mkono wa binadamu unaotulia kiasi hicho. Teknolojia ya kutuliza mtikisiko imefika mbali, lakini haijafika hapo kwa uhakika. Stendi nyepesi za plastiki zinazopangwa mlangoni mwa maduka ya simu zinafaa kwa simu ndani ya chumba. Peleka moja ufukweni wakati wa kusi, na utaona inavyotetemeka. Inayotakiwa ni ile ambayo mwenye duka anakuonya kuwa ni nzito. Usiinue ule mguu wa katikati, tundika begi chini yake, tumia kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiwe sababu ya ukungu, na ukitoka baharini isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, si kesho.

Stendi ina gharama nyingine isiyoandikwa kwenye risiti: huvuta maswali. Mwenye simu hupita karibu na daraja au bandari bila kutazamwa mara mbili. Mwenye miguu mitatu ya chuma huonekana kama mpima ardhi, na kwetu mpima ardhi ni habari. Huenda shamba la mtu linauzwa. Wazee wa kijiji watakuja, na wana haki ya kuja. Fika mapema, shikamoo zitoke kabla vifaa havijatoka, eleza umetumwa na nani, na kama hujatumwa na mtu eleza hilo pia, ingawa ndilo gumu zaidi kuaminika. Penye kambi au uzio wa serikali salamu haitoshi, ondoka tu. Kuhusu droni, Tanzania na Kenya zote zinataka kibali, na hifadhini ndiyo kabisa, hivyo anayepanga safari kwa kutegemea picha ya angani aanzie ofisini.

Sasa tuje kwenye lenzi pana, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Simama Moshi mjini, utazame kaskazini. Kilele cha Kibo kiko umbali wa kilomita kama 30 kutoka ulipo, na kimekuzidi kimo kwa takriban mita 5,000. Ukipiga hesabu ya pembe, mlima mrefu kuliko yote Afrika unajaza nyuzi tisa au kumi tu za macho yako, kutoka usawa wako hadi kileleni. Lenzi ya milimita 16, ile inayosifiwa kwa mandhari, humeza karibu nyuzi 74 kwenda juu. Maana yake Kilimanjaro yote itachukua kama sehemu moja ya nane ya kimo cha picha, kidonge cha weupe juu ya mabati na nguzo za umeme. Mtu anarudi nyumbani, anafungua faili, anajiuliza mlima umekwenda wapi. Chukua lenzi ya milimita 85 na mlima uleule utajaza zaidi ya nusu ya kimo cha picha. Chukua ya 200 na utachagua: nitapiga ukingo wa barafu, au ule mstari wa msitu unapoachia moorland, pale miti inapokoma na vichaka vya kijivu vinaanza.

Jicho husaidiwa na akili. Ukiutazama mlima, akili huukuza na kuzisahau nguzo. Lenzi haina adabu hiyo. Kwa hiyo kwa mtu anayeishi kwenye nchi za milima iliyosimama peke yake juu ya tambarare, Kilimanjaro, Meru, Kenya, Elgon, Ol Doinyo Lengai, lenzi ndefu ya wastani ni kifaa cha mandhari kuliko lenzi pana. Lenzi pana ina kazi yake: ndani ya msitu wa Amani kule Usambara, au ndani ya magofu ya Kilwa, au popote ambapo kitu cha kwanza kiko hatua mbili kutoka ulipo. Kama mbele yako hakuna kitu cha karibu, iache begini.

Kuna jambo jingine kuhusu Kilimanjaro ambalo sijaliona likisemwa na wauza lenzi. Una nyuso mbili, na jua huhama kati yake. Mwezi Juni jua letu huchomoza kaskazini ya mashariki na kupita upande wa kaskazini wa anga. Uso unaotazama Amboseli na Loitokitok hupata mwanga wa ubavuni asubuhi na jioni, na Moshi hubaki ikitazama mgongo wenye kivuli. Desemba mambo hugeuka: jua huchomoza kusini ya mashariki, likaipaka Kibo mwanga kwa upande wa Moshi. Hata mpangilio wa vilele hubadilika. Ukiwa Moshi, kilele cha Mawenzi kiko kulia kwa Kibo. Ukiwa Amboseli, kiko kushoto. Ni kilele kilekile, ila wapigapicha wawili waliogombea lenzi moja dukani wanapaswa kwenda pande mbili tofauti kwa miezi tofauti.

Juu ya hilo kuna hewa. Katika miezi mikavu, vumbi na moshi wa kuchoma mashamba huifanya milima ya mbali iwe ya rangi ya majivu, na hakuna filta inayorudisha kisichofika kwenye lenzi. Mvua ikinyesha usiku, alfajiri yake hewa imesafishwa, na mlima ambao wiki nzima ulikuwa tetesi unasimama hapo mpaka mifereji yake inahesabika. Kisha saa tatu au saa nne asubuhi mawingu yanaupanda na biashara inakwisha. Wapagazi na waongoza watalii wa Marangu na Machame wanayajua haya bila kamera. Kabla ya kulipia programu ya hali ya hewa kwenye simu, waulize.

Nimesema mchana tunaambiwa tulale. Hapa ndipo ninapopingana na vitabu waziwazi, angalau kwa watu wa mwambao.

Nenda Paje au Jambiani, mashariki ya Unguja, siku za bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita nne, na maji yakitoka huacha uwanda wa mchanga na madimbwi mpaka kwenye mwamba. Siku hizo maji hupwa sana kati ya asubuhi na adhuhuri, na ndipo wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, wanapoingia kazini. Kilimo hicho kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji hivyohivyo. Anayengoja saa kumi na mbili jioni akapige picha ya mashamba ya mwani atapiga picha ya bahari tupu, watu wameshaoga na kupika.

Na rangi? Ile buluu ya kijani inayowaleta wageni kutoka nusu ya pili ya dunia ni rangi ya saa sita. Jua likiwa utosini mwanga wake huzama majini moja kwa moja, hugonga mchanga mweupe chini na kurudi. Likiwa chini jioni, sehemu kubwa huakisiwa juu juu na bahari hugeuka kioo cha anga. Mwanzoni mwa Machi, na tena Oktoba, jua hupita juu kabisa ya Zanzibar, na kivuli cha mtu aliyesimama hujikunja chini ya nyayo zake. Kwa picha ya uso wa binadamu hiyo ni balaa, macho yanakuwa mashimo. Kwa maji ni sikukuu.

Filta ninayoibeba ni moja, polaraiza, na kazi yake halisi niliielewa kwenye jua hilo la mchana. Hukata mwanga ulioakisiwa, hivyo maji hufunguka ukaona chini. Nguvu yake juu ya maji huwa kubwa zaidi ukiyatazama kwa pembe ya kama nyuzi 37 kutoka usawa wake, ndiyo maana kupanda juu ya paa au ngazi husaidia kuliko kupiga magoti. Kwa anga, nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka jua lilipo. Ulaya, jua likiwa limeinama, mstari huo hukata anga katikati na lenzi pana hutoa doa la buluu iliyokoza upande mmoja, kasoro ambayo vitabu huonya dhidi yake. Kwetu saa sita, nyuzi 90 kutoka utosini ni upeo wa macho wenyewe, pande zote. Geuka kaskazini, geuka kusini, anga inakolea sawasawa. Ni zawadi ya kijiografia ambayo hatukuiomba, na ushauri wa kulala mchana unatunyima.

Bara si hivyo, nikubali. Tambarare za Dodoma au Serengeti saa saba mchana zinachemka; hewa ya moto juu ya ardhi hupinda mwanga, mazigazi yanacheza, na lenzi ndefu huyakuza mazigazi pamoja na twiga. Huko lala.

Ni Paje hiyohiyo ambako mama mmoja, ameinama juu ya kamba zake za mwani, alinyanyua kichwa akaniuliza, "Wapiga nini, mwanangu?"

Nikamjibu, "Bahari, mama."

Akaonesha kwa kidole kule mbali, mawimbi yanapovunjika kwenye mwamba. "Bahari iko kule. Hapa ni shambani kwangu."

Akarudi kwenye kamba zake, na mimi nikaomba ruhusa kama mtu anavyoomba akitaka kupita kwenye mihogo ya mwenzake. Akaniruhusu, kwa sharti nisikanyage mistari miwili ya mwisho.

Nimelifikiria jibu lake kila ninaposikia mtu akisema mandhari safi, akimaanisha pasiwe na mtu. Upigaji picha wetu haukuanza hivyo. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, mteja alikwenda kujipiga yeye, amevaa vizuri, na mahali palikuwa suala la baadaye. Wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, miaka ya 1990, walitundika mapazia ya kuchorwa nyuma ya wateja wao: meli, ndege, maghorofa, dunia nzima kwenye kitambaa. Mtu wa mbele alikuwa wa kweli na mandhari yalikuwa rangi. Ila picha ya kalenda na ya kadi ya posta, mbuga bila mchungaji, ufukwe bila mvuvi, ilichukua kitambaa ikamwondoa mtu. Wengi tumejifunza kuiona nchi yetu kupitia kadi hizo, na ndiyo maana kijana wa Moshi husubiri mama aliyebeba ndizi apite ndipo afyatue. Mimi siku hizi humngoja afike. Akiwa njiani ndipo mlima unapopata ukubwa wake, na ndipo picha inaposema ni nani anauona kila siku. Ila ukiwa karibu kiasi cha kutambulika sura yake, muulize kwanza. Mbali, awe umbo tu, salamu ya mkono inatosha.

Kuhusu kutunza vifaa nitasema kidogo, kwa kuwa ni mambo ya ndani ya nyumba. Bara adui ni vumbi: usibadilishe lenzi gari likiwa linatembea na madirisha wazi, na ukilazimika, uso wa kamera uelekee chini. Pwani adui ni kuvu. Lenzi iliyofungiwa kabatini Tanga au Mombasa ndani ya mfuko wake mzuri wa ngozi huota nyuzinyuzi ndani ya kioo, na fundi akiifungua kuisafisha mara nyingi alama hubaki. Ngozi hushika unyevu, itupe. Chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, kinatosha, ukikumbuka kuvianika vifuko au kuvibadilisha. Na lenzi inapenda kutumika. Ile inayotoka juani kila wiki huota kuvu kwa nadra.

Mwenye fedha kidogo huuliza aanzie wapi. Kamera ya mtumba. Sensa ya pikseli milioni 24, na ziko tele sokoni, hutoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiichapa kwa nukta 300 kwa inchi unapata karatasi ya sentimita 51 kwa 34 hivi, kubwa kuliko picha nyingi zilizotundikwa sebuleni kwetu. Zaidi ya hapo unalipia majivuno, au unalipia mabango. Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kuinunua, nenda na tochi, mulika lenzi kwa nyuma ukitafuta nyuzi za kuvu, piga picha ya anga tupu kwa f/16 uone kama sensa ina madoa, na muulize muuzaji idadi ya mifyatuo. Asipojua, shusha bei. Kilichobaki kiende kwenye stendi, kisha lenzi ndefu ya wastani, kisha polaraiza. Mwenye simu tu naye asijione nje ya mlango: saa sita ufukweni, simu ya kawaida inafanya kazi nzuri sana, na polaraiza ya miwani ya jua ikishikwa mbele ya kioo chake inasaidia kweli. Itamshinda kwenye giza la magharibi na kwenye mlima wa mbali, ambako kukuza kwa vidole ni kukata picha vipande tu.

Jambo ambalo halinunuliwi dukani, na ambalo wengi hulipuuza, ni kuandika. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Eduard Oehler na Fritz Klute, walipanda Kilimanjaro na kamera za upimaji, na kutokana na picha hizo Klute akachora ramani ya Kibo na barafu yake. Mwaka 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, aliruka juu ya kilele akakipiga picha kutoka angani. Picha zake ziko kwenye maktaba ya chuo cha ETH Zürich. Walichokuwa wanafanya wakati ule kilikuwa ugunduzi na kujionesha. Lakini kwa sababu ilijulikana walisimama wapi na lini, wanasayansi waliokuja baadaye waliweza kulinganisha ramani ya 1912 na picha za angani za zama zetu, na kusema kwamba kufikia 2007 barafu ya Kilimanjaro ilikuwa imepoteza takriban asilimia 85 ya eneo lake. Kazi hiyo isingewezekana kwa picha nzuri tu. Adams mwenyewe, kwa umaarufu wake wote, hakuiandikia tarehe ile picha ya Hernandez; kwa miaka mingi aliitaja kwa miaka tofauti, mpaka wanaastronomia wakaikokotoa kutokana na mahali mwezi ulipokuwa: 1 Novemba 1941. Wengi wetu hatutapata mwanaastronomia wa kutufanyia hivyo.

Mtu anayepiga mlango wa Pangani kila masika, au msitu wa Kakamega kutoka kilima kilekile, au ukingo wa Ziwa Victoria unavyopanda na kushuka, anakusanya ushahidi hata kama anadhani anakusanya machweo. Aandike alisimama wapi, kwa jina ambalo watu wa pale wanapaita, alielekea upande gani, lenzi ya milimita ngapi. Tarehe na saa kamera huandika yenyewe ndani ya faili, mradi imeambiwa ukweli. Na nyingi za mtumba hazijaambiwa: saa zao bado ni za nchi zilikotoka, na ile iliyokuja kutoka Dubai iko mbele ya yetu kwa saa moja. Irekebishe kabla hujapanda basi.